Siri ya Ghala la Bokoli

Ukishuka matatu sokoni Bokoli, ukaupa mgongo Mlima Elgon na kuifuata njia ya miguu ipitayo kati ya mashamba ya miwa, utafika bomani kwetu kabla jasho halijakutoka. Ghala ninalotaka kukusimulia halipo tena. Lilioza, likaangushwa, na mahali pake pamesimama tangi la maji. Lakini mwanzoni mwa mwaka wa 1992 lilikuwa ghala la kweli, la fito zilizosukwa kama kikapu, limesimama juu ya miguu minne, paa lake la nyasi likinyanyuliwa kwa mti mfano wa mtu anayevua kofia. Ndani yake tulikuwa na mahindi ya msimu uliopita. Na kwa muda wa siku 9 tulikuwa na mtu.

Mtu huyo alikuwa mama mmoja Msabaoti, mchuuzi wa vitunguu. Kila siku ya soko alikuwa akiteremka kutoka mlimani na magunia yake, na jua likizidi alikuja kupumzika kwetu, akanywa uji na mama yangu, wakacheka mambo yao ya kike ambayo sisi watoto tulifukuzwa tusiyasikie. Basi vita vya kikabila vilivyoanza Meteitei katika wilaya ya Nandi mwezi wa Oktoba 1991 vilikuwa vimeshafika Trans Nzoia na miteremko ya Mlima Elgon. Wabukusu wenzetu waliokuwa na mashamba huko juu waliteremka mbio, huyu na godoro kichwani, yule na mtoto tu mgongoni, na wengine na majeraha ya mishale. Tuliwapokea, tukawasikiliza, na jinsi tulivyowasikiliza ndivyo hasira ilivyopanda. Ikawa yeyote anayetoka mlimani ni adui, hata kama hajashika upinde maishani mwake. Huko juu nako, Mbukusu aliyebaki alikuwa adui vivyo hivyo. Siwezi kusema kwamba upande wowote ulikuwa na malaika peke yao.

Mama wa vitunguu alikuwa amenaswa upande wetu. Alibisha usiku, bila viatu. Baba yangu alikuwa kazini mbali, hivyo aliyeamua ni mama peke yake, na aliamua kwa muda ambao mtu huchukua kufungua komeo. Asubuhi aliniita jikoni. Nilikuwa na umri wa miaka 11. Akaniambia, “Baba, hukuona kitu.” Nikajibu, “Ndiyo, mama.” Kuanzia siku hiyo nilibeba ndoo ya uji hadi chini ya ghala kana kwamba nakwenda kumlisha ndama, na ndoo ilirudi tupu, na ndama akakonda.

Nitayarudia hayo. Kwanza niseme ni kwa nini habari hii imenirudia baada ya miaka mingi.

Kule Kitale, kando ya barabara, kuna watu wauzao vitabu vilivyokwisha kusomwa, vimetandazwa juu ya gunia. Siku moja nilinunua hapo kitabu cha Immaculée Ilibagiza wa Rwanda, kilichotolewa mwaka wa 2006. Nilikianza ndani ya matatu, na tulipofika Webuye kondakta alinigusa bega kunikumbusha kwamba Bokoli tumeshaipita.

Immaculée alikuwa binti wa walimu wawili, kwao Mataba, Kibuye, karibu na Ziwa Kivu. Mwaka wa 1994 alikuwa na umri wa miaka 22, anasoma uhandisi katika Chuo Kikuu cha Taifa huko Butare, na alikuja nyumbani kwa sikukuu ya Pasaka. Usiku wa tarehe 6 Aprili ndege ya Rais Habyarimana ikaangushwa, na mauaji ya Watutsi yakaanza. Umoja wa Mataifa husema waliouawa katika siku zipatazo 100 walizidi 800,000. Serikali ya Rwanda yenyewe inahesabu zaidi ya milioni moja. Baba yake alimpa rozari, akamtuma kwa mchungaji mmoja Mhutu, jirani yao, akajifiche huko.

Mchungaji alimpokea. Lakini hapa ndipo kisa kinapokuwa kigumu, na ndiyo sababu nakiamini. Immaculée hakwenda peke yake; alifuatana na mdogo wake Vianney, na kijana mwingine rafiki wa jamaa yao. Mchungaji alikubali kuficha wanawake, akakataa kuficha wanaume. Immaculée mwenyewe ndiye aliyewasindikiza vijana wale hadi mlangoni, gizani, wakatoka. Vianney aliuawa. Mtu huyo aliyeokoa wanawake 8 ndiye huyo huyo aliyemtoa nje kijana wa watu. Nimejaribu kumhukumu mchungaji yule nikashindwa, kisha nimejaribu kumsifu nikashindwa pia.

Chumba alichowaficha kilikuwa bafu dogo lenye choo ndani yake, upana wa futi 3 na urefu wa futi 4. Hebu mwambie fundi akuchoree kipimo hicho sakafuni, kisha ujaribu kuwapanga watu wazima 8. Walikaa wamepandana, warefu chini na wadogo juu ya mapaja yao, wakabadilishana kwa zamu bila kusema neno. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na choo kingine cha nyumba. Walipotaka kuvuta maji walingojea mpaka mtu wa upande ule avute, ili sauti mbili ziwe moja. Jambo dogo namna hiyo ndilo lililonifanya niweke kitabu chini kidogo na kutazama nje ya dirisha la matatu. Maana hatari za mapanga kila mtu anaweza kuziwaza. Lakini kungojea mwenzako, asiyejua kwamba upo duniani, aende haja ili nawe upate ruhusa, hilo ni jambo asiloweza kulibuni mtu ambaye hakulipitia.

Chakula kilikuwa makombo yaliyoletwa usiku, kwa kuwa ugali ukiongezeka jikoni mpishi angeuliza. Watumishi wa nyumba hawakujua. Wengine katika watoto wa mchungaji hawakujua. Wauaji walikuja kupekua mara kadhaa, wakapanda hata darini, na Immaculée akasikia jina lake likitajwa na watu aliosoma nao. Ni yeye aliyemsihi mchungaji asukume kabati la nguo mbele ya mlango wa bafu ili mlango usionekane. Mchungaji mwanzo hakutaka, akihofia kelele na akihofia alama sakafuni; mwishowe akakubali. Kuanzia hapo katikati ya uhai na mauti pakawa na mbao za kabati.

Wakakaa siku 91. Immaculée aliomba Biblia na kamusi, akajifundisha Kiingereza humo humo gizani, kwa imani kwamba akitoka atakihitaji. Alipotoka mwezi wa Julai na kupokewa katika kambi ya askari wa Kifaransa, uzito wake ulikuwa umeshuka kutoka kilo 52 hadi kilo 30 hivi. Akapata habari kwamba baba, mama na kaka zake wawili wameuawa. Aliyebaki ni kaka yake mmoja, Aimable, ambaye wakati huo alikuwa masomoni Senegal. Kile Kiingereza cha bafuni kilimpatia kazi katika ofisi ya Umoja wa Mataifa Kigali, na mwaka wa 1998 akahamia Marekani.

Wako wasomaji wanaolalamika kwamba kitabu kina sala nyingi, na kwamba mwishoni anamsamehe upesi mno mtu aliyewaua mama yake na kaka yake. Mimi juu ya msamaha sina la kusema. Msamaha ni mali yake, autumie apendavyo. Nilichokitafuta mimi katika kitabu hicho kilikuwa kingine: nilitaka kujua kama kulikuwa na mtoto aliyejua siri, na kama mtoto huyo aliweza kunyamaza.

Kisa hicho kilinivuta kwenye visa vingine. Mpwa wangu anasomea uuguzi Ujerumani, na siku moja ya mapumziko nilimsihi aende Berlin, Rosenthaler Straße nambari 39, anionyeshe kwa simu jumba dogo la makumbusho lililoko uani. Nikaliona nikiwa nimekaa chini ya mwembe hapa Bokoli, kuku wakinipita miguuni. Hapo ndipo palipokuwa na karakana ya mafagio na brashi ya Bwana Otto Weidt, mtu aliyekuwa karibu kuwa kipofu. Wakati wa Hitler aliwaajiri Wayahudi, wengi wao vipofu na viziwi, akawaambia wakubwa kwamba jeshi haliwezi kwenda bila mafagio yake, na penye ukaidi akatia hongo kwa Gestapo, polisi wa siri. Kwetu hongo ni tusi. Ile iliokoa watu.

Katika ofisi yake alifanya kazi msichana Myahudi, Inge Deutschkron, aliyezaliwa mwaka wa 1922. Baba yake, mwalimu aliyefukuzwa kazi kwa sababu ya siasa mwaka wa 1933, aliwahi kuponyoka kwenda Uingereza mwaka wa 1939. Mke na binti walikuwa wamfuate. Vita vikaanza na mlango ukafungwa. Tangu Septemba 1941 Wayahudi walilazimishwa kushona nyota ya manjano kifuani, na magari-moshi ya kuwapeleka mashariki, mahali pa kuuawa, yakaanza safari. Mwezi wa Januari 1943 Inge na mama yake, Ella, walitoka nyumbani, wakavua nyota na kujipoteza katika mji.

Hawa hawakukaa mahali pamoja kama wale wa Rwanda. Maficho yao yalikuwa kuhama. Wiki kadhaa kwa rafiki huyu, miezi kadhaa kwa yule, leo nyuma ya duka, kesho penginepo, na kila jirani anapoanza kuuliza, “Hao wageni wenu wataondoka lini?” huwa wakati umefika. Njaa nayo ni jambo la kufikiriwa: chakula kiligawiwa kwa kadi, na mtu ambaye hayupo hana kadi. Kwa hiyo kila kipande cha mkate walichokula kilikatwa katika posho ya mtu mwingine. Mabomu ya Waingereza na Wamarekani, yaliyowatisha Wajerumani, kwao yalikuwa rehema upande mmoja, kwa sababu nyumba zilipoungua na karatasi ziliungua, na mtu aliweza kudai kwamba vyeti vyake vimeteketea. Wao mwishoni walifanya mfano wa hayo. Walijifanya wakimbizi wa vita, wakapewa karatasi zenye jina lisilo lao. Makao yao ya mwisho huko Potsdam yalikuwa zizi la zamani la mbuzi.

Wakapona, mama na binti. Inasemwa kwamba Wayahudi wapatao 7,000 walijificha Berlin, na waliopona ni kama 1,700. Nani aliwatoa hao wengine? Wengi walitolewa na macho ya jirani na ulimi wa mpelelezi. Katika karakana ile ile Bwana Weidt alikuwa ameificha jamaa moja ya watu wanne, baba, mama na watoto wawili, katika chumba cha mwisho kisicho na dirisha. Na mbele ya mlango wa chumba hicho aliweka nini? Kabati la nguo. Nilipoambiwa hivyo na mpwa wangu nilimwomba anyamaze kidogo. Mwezi wa Oktoba 1943 siri ilitoka, jamaa ile ikachukuliwa, na wote wanne walifia Auschwitz. Neno moja lilipita mahali lisipotakiwa kupita, basi.

Inge aliishi hadi Machi 2022, akiwa na umri wa miaka 99. Mwaka wa 1978 alitoa kitabu juu ya nyota ile ya manjano, na mwezi wa Januari 2013, akiwa na miaka 90, alisimama katika bunge la Ujerumani akawasimulia wabunge hayo yote.

Msomaji asidhani kwamba mambo ya Wayahudi kujificha ni ya Ulaya peke yake. Vuka Lwakhakha hapo, uende Mbale kwa ndugu zetu Wagisu. Kuna Waafrika huko, Abayudaya, waliofuata dini ya Kiyahudi tangu siku za Semei Kakungulu, mwaka wa 1919. Idi Amin alipoipiga dini yao marufuku, walisali kwa siri mpaka alipoanguka mwaka wa 1979. Wengi waliiacha. Waliobaki ndio waliolea wale unaowaona leo katika kilima cha Nabugoye. Lakini hao nitawaandikia siku yao.

Nimtaje bibi mmoja zaidi, kwa kuwa amenichekesha katika habari ambayo haina kicheko. Zura Karuhimbi wa kijiji cha Musamo, Ruhango, Rwanda, alikuwa ajuza mganga wa mitishamba, na wanakijiji walimdhania mchawi. Mwaka wa 1994 hakukanusha uchawi huo, bali aliutumia. Aliwaficha watu zaidi ya 100: chini ya kitanda, darini, na inasemwa hata katika shimo shambani. Wauaji walipokuja aliwagusa kwa mikono aliyoipaka majani yanayowasha, ngozi ikawavimba. Akatikisa bangili na vyombo ndani ya nyumba ili wadhani mizimu imechafuka. Akawaambia ingieni basi, mwone kitakachowapata. Wanaume wenye mapanga wakarudi nyuma. Mwaka wa 2006 alipewa nishani na Rais Kagame, na alifariki Desemba 2018. Mtu yeyote aliyelelewa kwetu Bungoma, akazuiwa na nyanya yake asipite karibu na boma la mganga baada ya jua kutua, atajua kwamba silaha ile haikuwa ndogo.

Sasa nirudi ghalani.

Siku ya 9 nilikuwa mtoni na rafiki yangu, tumeoga, tumelala juu ya jiwe tukikauka. Alikuwa akijisifu kwamba kaka yake mkubwa yumo katika kundi la vijana wanaolinda kijiji usiku. Nami nikatamani kuwa na kitu kikubwa cha kusema. Nikamwambia. Sikusema yote, nilisema, “Hata sisi nyumbani tuna jambo ghalani.” Aliniuliza jambo gani, nikacheka, nikajitupa majini. Nilipokuwa chini ya maji nilijua nimefanya nini.

Nilirudi nyumbani nikala bila kusema. Mama alinitazama mara moja tu, akaondoa sahani. Usiku walikuja vijana wapatao 15, na tochi na marungu. Kaka yake rafiki yangu alikuwa mbele. Hawakumtukana mama, walimwamkia, “Shikamoo, mama,” wakasema wanataka kutazama ghala. Akawaambia tazameni. Walinyanyua paa, wakaingia, wakatupa mahindi yetu chini, gunzi kwa gunzi, mpaka sakafu ya fito ikaonekana. Hapakuwa na mtu. Waliomba radhi na kuondoka. Tulikaa mpaka alfajiri tukiokota mahindi kwa taa ya chemni, na mama hakuniuliza neno. Siku chache baadaye mama wa vitunguu aliondoka salama kwa lori lililokuwa likipeleka chakula kwa wakimbizi kupitia Kimilili.

Nilikaa na jambo hilo miaka mingi. Nilipokisoma kitabu cha Immaculée ndipo nikapata ujasiri wa kumwuliza mama, ambaye sasa ni mzee na masikio yake ni mazito, hata ikanibidi nipige kelele kuuliza siri. Nilimwambia kwamba ni mimi niliyesema. Akajibu, “Najua. Ulikula viazi bila chumvi na hukuiomba.” Nikamwuliza alimpeleka wapi. Akacheka mpaka akashika kiuno.

Alimpeleka ng'ambo ya kijito, kwa nyanya ya rafiki yangu. Wale vijana walipokuwa wakitupa mahindi yetu chini, mtu waliyemtafuta alikuwa chini ya kitanda cha bibi wa kiongozi wao, katika boma walilotoka nalo. Bibi yule alikuwa mwenzi wa mama katika sala za akina mama za Jumatano, na alikuwa amemwambia, “Mlete kwangu. Nani atapekua kitanda changu, mjukuu wangu?” Kijana alirudi usiku ule akapewa ugali na bibi yake, akala ameketi juu ya kitanda hicho.

Na kwa miaka iliyofuata, mara tu mambo yalipotulia, baada ya mavuno tulikuwa tukiletewa magunia mawili ya vitunguu kutoka mlimani. Moja lilibaki kwetu. La pili mama alinitwika mimi kichwani, nilipeleke ng'ambo ya kijito, nami nililalamika njia nzima juu ya uzito wake.